Oili ipi inafaa Datsun 240Z ya mwaka 1972 hapa Tabora: 20W-50, 15W-40 au sintetiki?

#1 Mwana_wa_Isevya

Wakuu, habari za wakati huu.

Nimerithi kwa baba yangu mkubwa gari aina ya Datsun 240Z ya mwaka 1972, lenye usukani wa kulia, injini ya L24 ya silinda sita za mstari mmoja na kabureta mbili. Injini ilifunguliwa mzee akiwa bado hai, lakini karatasi za kazi hiyo hazijaonekana, kwa hiyo sijui kama beringi na kamshafti zilizomo ni za kiwandani au zilibadilishwa. Gari lilikaa muda mrefu bila kuwashwa, na oili niliyoikuta ndani siijui hata jina lake.

Kinachonisumbua ni hiki. Nikiwa barabara ya Nzega kwa mwendo wa kawaida, geji ya shinikizo la oili inasimama vizuri kabisa. Nikirudi mjini, injini ikiwa imepata moto, nikasimama kwenye kivuko cha reli kusubiri treni ipite, mshale unashuka na kulala karibu na sifuri. Injini haigongi, moshi wa bluu hautoki, na nikikanyaga kidogo mshale unapanda tena.

Ushauri nilioupata hadi sasa unapingana. Fundi wangu anasema niweke 20W-50 na nisisikilize mtu mwingine. Muuzaji wa spea ananisukumia sintetiki ya 5W-30. Binamu yangu aliyeko Dar es Salaam anasema niweke 15W-40 ya magari ya dizeli kwa sababu ina zinki nyingi. Naomba wenye uzoefu wanipe sababu, si jina la dumu peke yake.

#2 Fundi_Kanyenye

20W-50, na hapo hakuna mjadala. Injini za zamani zilitengenezwa zikiwa na nafasi kubwa kati ya beringi na krankshafti, na oili nyepesi hupita humo bila kukaa. Ongeza joto letu la Septemba na Oktoba, wakati hata kivuli cha mwembe hakisaidii, utaelewa kwa nini wazee wetu waliendesha Land Rover na pikapu za Datsun kwa oili nzito miaka yote. Hiyo 5W-30 anayokupa muuzaji ni ya magari ya nchi za theluji.

#3 Kijana_Altezza

Mleta uzi, nikupe Altezza yangu na chenji juu, hilo Datsun uniachie na matatizo yake yote.

Tukirudi kwenye mada, mimi natumia sintetiki ya 5W-30 kwenye injini ya 3S-GE na sijawahi kuona tatizo. Oili ya leo imeipita ya mwaka 1972 kwa kila kipimo, na sioni kwa nini tuinyime gari la zamani kitu bora kwa sababu ya mazoea.

#4 Mhandisi_Kitete

Naomba turekebishe mambo mawili kabla uzi haujaenda mbali.

Kwanza, namba. Ile iliyoandikwa kabla ya W inaeleza jinsi oili inavyotenda katika baridi ambayo Tabora haijawahi kuiona: 5W hupimwa kwa nyuzi 30 chini ya sifuri, na 20W kwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Namba ya pili ndiyo inayoeleza mnato katika nyuzi 100 za Selsiasi, yaani karibu na joto la oili ndani ya injini iliyokwisha kupata moto. Kwa hiyo Fundi_Kanyenye asiikatae 5W-30 kwa sababu ya theluji. Akitaka kuikataa, aikatae kwa sababu ya ile 30.

Pili, joto la hewa. Nje kukiwa na nyuzi 18 za asubuhi ya Julai au nyuzi 32 za mchana wa Oktoba, thamostati hujitahidi kuiweka injini katika joto lilelile, na oili ikishatembea barabara ndefu hufika karibu na nyuzi 90 hadi 110 kwa vyovyote. Tofauti ya majira inaonekana zaidi katika dakika za kwanza baada ya kuwasha. Asubuhi ya baridi 20W-50 hutiririka kama asali yetu iliyoanza kuganda, na katika muda huo mfupi sehemu za juu za injini husubiri.

Kuhusu nafasi kubwa za beringi, nadhani jambo hilo limerudiwa mno hadi limekuwa imani. Nafasi zilizowekwa na kiwanda kwenye injini ya L24 ikiwa mpya zilikuwa za sehemu ndogo sana za milimita, hazitofautiani sana na za injini nyingi zilizofuata. Nafasi ikiwa kubwa leo, imekuzwa na uchakavu au na fundi aliyeifungua mara ya mwisho.

#5 Fundi_Kanyenye

Mhandisi, nakuheshimu, lakini uchakavu huo ndio ninaouzungumzia. Gari lina miaka zaidi ya 50. Nafasi ikiwa imekua kwa kiwanda au kwa uchakavu, oili haijui tofauti.

#6 Bi_Spea

Ninauza vilainishi, kwa hiyo nitasema yanayoonekana upande wa pili wa kaunta.

Wateja wengi husoma mbele ya dumu na kusahau nyuma. Nyuma kuna herufi za API (Taasisi ya Petroli ya Marekani), na kwa injini za petroli huanza na S: SE ilikuwa ya zama za gari lako, ikafuatwa na SF mwaka 1980, SG, SH, SJ, SL mwaka 2001, SM, SN mwaka 2010 na SP mwaka 2020. Herufi zinazoanza na C ni za dizeli, na oili nyingi zina zote mbili, mfano CI-4/SL. Mteja mwenye gari la zamani huja akitaka SF akidhani kwamba uzamani wa herufi unalingana na uzamani wa gari. Ukweli ni kwamba SF imekwisha kutolewa kwenye orodha ya viwango vinavyotumika, na API haiipi leseni tena, kwa hiyo dumu lenye herufi hizo peke yake halina anayelisimamia huko kwenye chimbuko lake.

Jambo la pili ni oili bandia. Kuna watu wanazunguka gereji wakinunua madumu matupu yaliyo safi, na hawayanunui kwa ajili ya kuchotea maji. Yanajazwa oili chafu iliyochujwa na kurudishwa sokoni yakiwa na kifuniko kipya. TBS (Shirika la Viwango Tanzania) wanaangalia viwango na Tume ya Ushindani inashughulikia bidhaa bandia, lakini wewe mwenyewe anza kwa kutoboa dumu lako kila unapolimaliza. Tunaweza kubishana hapa juu ya 40 na 50 wiki nzima huku kilichomo ndani ya dumu hakilingani na chochote kilichoandikwa nje.

#7 Mwisho_wa_Reli

Salamu kutoka Kibirizi, Kigoma.

Ninyi watu wa Tabora mnapenda kuzungusha maneno. Sisi huku tuna mashine za boti zinazofanya kazi usiku kucha ziwani na zinatumia SAE 40 kavu, ile isiyo na W wala nini. Oili ya namba mbili hupata upana wake kwa viungio vinavyoitwa viboresha mnato, na viungio hivyo hukatikakatika kadiri oili inavyosagwa ndani ya injini, hadi 50 yako inashuka na kuwa 40 bila wewe kuambiwa. SAE 40 inaanza ikiwa 40 na inakufa ikiwa 40. Ikishindikana kabisa, njoo nikupe mawese.

#8 Mtemi_wa_Ipuli

Mwisho_wa_Reli, mawese mtuachie kwenye maharage. Boti yako inawashwa jioni na kuzimwa alfajiri kwa mzunguko uleule mmoja. Datsun linawashwa, linazimwa, linapanda hadi mizunguko 6,000 kwa dakika na kushuka. SAE 40 kavu asubuhi ya Juni hapa kwetu itachelewa kufika juu kama hiyo 20W-50 inayolalamikiwa.

#9 Mwisho_wa_Reli

Cheka tu, lakini mafuta ya mimea yamewahi kushinda mashindano. Oili za magari na ndege za mashindano za mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa na mafuta ya mbarika, na jina la Castrol lenyewe limetokana na hayo.

#10 Mzee_wa_Rali

Kijana wetu mleta mada, umepewa gari lenye historia katika ardhi hii ya Afrika Mashariki. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971, 1972 na 1973, wakati mashindano yakipita Kenya, Uganda na Tanzania. Injini ni ileile ya L24, tope lilelile, vumbi lilelile, na hakuna aliyekuwa na sintetiki.

Ninachotaka kuongeza ni kwamba binamu yako hajakosea. Oili za zamani zilikuwa na zinki na fosforasi zaidi, viungio ambavyo hufanya utando mwembamba kwenye chuma pale ambapo oili yenyewe imekamuliwa ikaisha. Viungio hivyo vimepunguzwa kwa sababu fosforasi inaharibu masega (kifaa cha kusafisha moshi) kwenye eksozi, na Datsun lako halina masega wala halijui masega ni nini. Injini yenye tapeti bapa kama hiyo ikinyimwa zinki, kamshafti inalika.

#11 Dereva_Mstaafu

Mzee wangu, shikamoo, ila niruhusu nirekebishe kidogo. Mwaka 1972 haukuwa wa Datsun. Alishinda Hannu Mikkola akiwa na Ford Escort RS1600, na ndiye dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kulichukua taji hilo. Datsun 240Z ilishinda 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, ambaye alilingana alama na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun 1800 SSS, na mshindi akapatikana kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi bila adhabu.

#12 Mzee_wa_Rali

Marahaba. Nimepokea la 1972. La zinki silirudishi.

#13 Mhandisi_Kitete

La zinki tulitazame kwa makini, kwa sababu hapo ndipo ilipo hoja nzito na hapo ndipo chumvi inapoongezwa.

L24 haina tapeti bapa za aina ile ya injini zenye vijiti vya kusukuma vali. Kamshafti yake iko juu, kwenye silinda hedi, na vinundu vyake vinasugua moja kwa moja pedi za roka. Hata hivyo Mzee_wa_Rali yuko sahihi katika kiini cha jambo: huo ni msuguano wa kuteleza, si wa kubingirika, na shinikizo linaloangukia eneo dogo la chuma ni kubwa. Viungio vya zinki vina kazi ya kweli hapo.

Sasa tuone vilipunguzwa wapi. Tangu SM ilipoingia mwaka 2004, oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30 zenye hadhi hiyo hazitakiwi kuzidi asilimia 0.08 ya fosforasi. Kikomo hicho hakikuwekwa kwa 15W-40 wala 20W-50, na watengenezaji wengi huziacha zikiwa na kiasi kikubwa zaidi. Kwa hiyo mtu anaweza kupata zinki ya kutosha katika 20W-50 ya kawaida ya petroli bila kwenda kwenye dizeli. Na kamshafti iliyokwisha kuzoeana na roka zake kwa miaka mingi haina uhitaji sawa na kamshafti mpya inayozoezwa kwa mara ya kwanza. Tungejua kama ya mleta mada ni ya zamani au mpya, nusu ya swali ingekwisha.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui: katika kipimo cha mnato cha nyuzi 150, kinachoiga hali iliyo ndani ya beringi inayofanya kazi, 15W-40 na 20W-50 zina kima cha chini kimoja, yaani 3.7, wakati 5W-30 inaruhusiwa kushuka hadi 2.9. Kwa mantiki hiyo, aliyehama kutoka 20W-50 kwenda 15W-40 hajapoteza kinga kama anavyodhani.

#14 Fundi_Kanyenye

Kima cha chini ni kimoja, lakini hakuna anayenunua kima cha chini. 20W-50 nzuri inakipita kipimo hicho kwa mbali, na mshale wa geji unalithibitisha hilo kila siku.

Mleta uzi, kabla hujanunua chochote fungua kifuniko cha vali. Hizi injini za L zipo zinazopitisha oili ndani ya kamshafti yenyewe, na zipo zenye kibomba cha nje kinachonyunyiza juu ya vinundu. Kama aliyefungua injini alichanganya kamshafti ya aina moja na mpango wa aina nyingine, au kama kibomba kimelegea kwenye maungio yake, oili inamwagika ovyo huko juu na shinikizo linashuka. Hapo hata ukiweka grisi haitasaidia.

#15 Bi_Ujiji

Nina gereji ndogo Ujiji na nimesoma uzi wote nikishangaa kwamba hakuna aliyeuliza habari za petroli.

Hilo gari limekaa muda mrefu. Pampu yake ya mafuta ni ya kimakanika, imefungwa kwenye silinda hedi na inaendeshwa na kamshafti. Daiframu ya ndani ikikauka na kupasuka, petroli inaweza kupenya na kuingia kwenye oili. Pia floti ya kabureta ikikwama, petroli inamwagikia kwenye silinda, inapita kandokando ya ringi na kushuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Oili yoyote, iwe 50, iwe 60, ikichanganyika na petroli itakuwa nyepesi, na dalili yake ni hiyohiyo aliyoieleza: inasimama vizuri kwenye mwendo, inalala injini ikiwa ya moto na ikiunguruma taratibu. Mtu akiona hivyo anakimbilia oili nzito zaidi, petroli inaendelea kuingia, na beringi zinakwisha huku geji ikionekana imepona.

Chomoa kijiti cha kupimia oili, nusa. Angalia kama kiwango kimepanda juu ya alama tangu ulipojaza. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe inayonyonya, uiache usiku kucha: oili yenye petroli huacha duara pana lenye kingo hafifu kuzunguka doa jeusi.

#16 Kijana_Altezza

Bi_Ujiji ametuacha wote njia panda.

#17 Mwana_wa_Isevya

Nawashukuru wote.

Nimenusa kijiti. Harufu ya petroli ipo kwa mbali, lakini jirani yangu mwenye pikapu ya kabureta alinusa cha kwake na kusema chake kinanuka zaidi na gari lake halina tatizo. Kiwango cha oili hakijapanda kwa namna ninayoweza kuapia. Doa la karatasi limetoka na duara, ila upana wake kila aliyeliangalia ameusoma kivyake. Kifuniko cha vali nimekifungua mbele ya fundi: kibomba cha nje kipo na kimekaza, vinundu vya kamshafti vinang'aa bila mikwaruzo ya kuonekana kwa macho.

Kama kuna kibomba, je, hiyo ina maana kamshafti ilibadilishwa?

#18 Fundi_Kanyenye

Si lazima. Tazama kama kamshafti ina matundu kwenye vinundu vyake. Ikiwa ina matundu na kibomba pia kipo, oili inatoka njia mbili, na hapo umepata mwizi mmoja wa shinikizo lako.

#19 Bodaboda_Cheyo

Naona mnahangaika na dizeli na sintetiki wakati oili ya pikipiki ipo kila kona. Ni 20W-50 au 20W-40, na ile yenye alama ya JASO MA (kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki) ina fosforasi kati ya asilimia 0.08 na 0.12, kwa sababu pikipiki nyingi hazina masega ya kulindwa na giaboksi yake inaogelea kwenye oili ileile ya injini. Haina viungio vya kupunguza msuguano vinavyofanya klachi iteleze. Chombo kinachosagwa na gia mchana kutwa chini ya abiria watatu na gunia la mahindi kikistahimili, Datsun litashindwaje?

#20 Mtemi_wa_Ipuli

Abiria watatu ni kosa la barabarani, mkuu, usiliandike hadharani.

#21 Mhandisi_Kitete

Hoja ya pikipiki si ya kuchekwa. Kwa zinki na kwa uwezo wa kustahimili kusagwa, oili hiyo ina sifa nzuri. Swali langu ni usafishaji: inatarajiwa kumwagwa baada ya kilomita chache kuliko za gari, hivyo akiba yake ya visafishi inaweza isidumu muda ule ambao mwenye gari ameuzoea.

#22 Mzee_wa_Rali

Kwa upande wa visafishi, oili ya dizeli ndiyo inayoongoza, kwa sababu ilitengenezwa kubeba masizi. Injini iliyokaa muda mrefu ina utope ndani. 15W-40 ya dizeli itaulainisha taratibu na kuutoa.

#23 Bi_Ujiji

Na hapo ndipo ninapoiogopa, mzee wangu. Utope uliotulia kwenye kona za injini kwa miaka mingi ukiachia kwa mkupuo unakwenda kuziba chujio la kunyonyea la pampu. Nimepokea injini zilizokuwa zikilia vizuri hadi mwenyewe alipoamua kuzisafisha. Ukiweka oili ya dizeli, imwage mapema sana mara ya kwanza, badilisha na filta, kisha imwage tena mapema. Kuna pia wanaosema visafishi vikizidi hugombania nafasi kwenye uso wa chuma na zinki ileile uliyoifuata.

#24 Mzee_wa_Rali

Wanaosema hivyo hawajatuonyesha kamshafti iliyolika kwa sababu hiyo.

#25 Kijana_Altezza

Hamjanijibu la sintetiki. Kama ile 30 ndiyo tatizo, zipo sintetiki za 10W-50 na 15W-50. Zinawahi kufika juu asubuhi na bado ni nzito zikipata moto. Kila mmoja wenu anapata anachotaka.

#26 Fundi_Kanyenye

Zitavuja. Sintetiki inapenya sili za zamani.

#27 Mhandisi_Kitete

Sifa hiyo ilitokana na sintetiki za mwanzo, za miaka ya 1970, ambazo msingi wake ulikuwa na tabia ya kusinyaza mpira wa sili. Za sasa huchanganywa na viungio vinavyoufanya mpira utanuke kidogo ili kusawazisha. Sili iliyokwisha kukakamaa na kupasuka itavuja kwa oili yoyote, na kinachotokea mara nyingi ni kwamba oili mpya inasafisha uchafu uliokuwa umeziba ufa. Pingamizi langu kwa sintetiki ni la mfuko. Gari ambalo bado linachunguzwa, ambalo oili yake itamwagwa mara kadhaa kwa muda mfupi, halistahili kumwagiwa dumu la bei hiyo.

#28 Bi_Spea

Na ya 15W-50 sintetiki hapa Tabora si kitu cha kukipata rafuni. Utaiagiza Mwanza au Dar es Salaam, na itakapofika utarudi kwenye swali langu la #6 kuhusu kilichomo ndani ya dumu.

Wakati tupo hapo, mleta uzi usisahau giaboksi. Ukiuliza oili yake dukani utapewa ya daraja la GL-5 kwa sababu ndiyo inayouzwa sana kwa ajili ya difu. Giaboksi nyingi za zamani zina sehemu za shaba, na salfa iliyomo kwenye baadhi ya GL-5 haiipendi shaba. Omba GL-4.

#29 Dereva_Mstaafu

Wote mmezungumza kana kwamba geji inasema kweli. Ile iliyoko kwenye dashibodi ni ya umeme, inasoma kupitia senda (kihisi cha shinikizo) iliyokaa kwenye ubavu wa injini yenye joto kwa nusu karne. Kopa geji ya kimakanika yenye mpira wake, funga mahali pa senda, upate namba halisi.

#30 Mwana_wa_Isevya

Wakuu, nimerudi na majibu. Geji ya kimakanika imepatikana kwa fundi wa malori. Oili iliyomo kwa sasa ni 20W-50 ya petroli yenye herufi SL, filta mpya. Tulikwenda hadi nje ya mji na kurudi ili injini ipate moto wa kweli. Kwenye mizunguko 3,000 geji ilisoma psi 50 (pauni kwa inchi ya mraba). Tuliposimama ikaunguruma taratibu ilisoma psi 15, wakati mshale wa dashibodi, kwa dakika hiyohiyo, ulikuwa umelala karibu na sifuri kama kawaida yake. Kamshafti ina matundu, na kibomba pia kipo.

#31 Dereva_Mstaafu

Senda. Badilisha senda uendeshe gari.

#32 Fundi_Kanyenye

Psi 15 na 50 kwa sababu umeweka 20W-50, kama nilivyosema tangu #2. Ungeweka ile ya muuzaji tungekuwa tunazungumza mengine. Na lile jambo la matundu na kibomba nalo limesimama, usilipuuze.

#33 Mzee_wa_Rali

Kanuni ya zamani ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, na umeizidi kote kuwili. Una nafasi ya kushuka hadi 15W-40 ya dizeli bila wasiwasi, na kamshafti yako itashukuru.

#34 Bi_Ujiji

Oili hiyo ni mpya, petroli haijapata muda wa kuingia. Pima tena baada ya kutembea wiki kadhaa na oili hiyohiyo, ndipo tutajua pampu ya mafuta inasema nini. Usibadilishe chochote kwa sasa, hata hiyo senda.

#35 Mwisho_wa_Reli

Na mkimaliza kupima, SAE 40 bado ipo Kibirizi.

#36 Mhandisi_Kitete

Mleta mada, swali moja. Hiyo psi 15 ilisomwa injini ikiwa kwenye mizunguko mingapi? Kama ni 600, ni namba nzuri. Kama ni 1,000, sina furaha nayo.

#37 Mwana_wa_Isevya

Takometa (kipima mizunguko) ya dashibodi ilionyesha 700.

#38 Dereva_Mstaafu

Dashibodi ileile yenye geji ya oili? Basi kopa na takometa, mwanangu.